Dawa ya mama inamfikia mtoto: antibiotiki wakati wa mimba



Bwegera iko kando ya barabara ya taifa namba 5, ile inayotoka Uvira kwenda Bukavu kupitia Kamanyola. Hapo, kama katika senta nyingi za barabara hiyo, si vigumu kununua antibiotiki bila ordonansi. Mama mwenye mimba anasikia homa au maumivu ya mikojo, anatuma mtoto kwenye farmasi, na mtoto anarudi na vinini vinne ndani ya karatasi. Vinaitwaje? Mara nyingi hakuna anayejua. Watu wanajua rangi tu.

Upande mwingine yuko mama aliyepimwa vizuri siku ya CPN, akaandikiwa sindano, naye akaikataa. Ameambiwa na jirani kwamba sindano hutoa mimba, au kwamba dawa yoyote ni sumu kwa mtoto.

Wamama hawa wawili wana nia moja: kila mmoja anataka mtoto wake azaliwe mzima. Lakini wa kwanza anaweza kumdhuru mtoto kwa dawa asiyoijua, na wa pili anaweza kumpoteza kwa ugonjwa ambao dawa ingeuponya. Ndiyo maana tumeona vema kueleza hapa namna antibiotiki zinavyotoka kwa mama na kumfikia mtoto tumboni, zipi zinamsaidia, zipi zinamdhuru, na kwa nini swali la kwanza liwe "ni dawa gani, katika mwezi gani, na nani ameiandika?"

Antibiotiki ni nini

Antibiotiki ni dawa zinazoua bakteria au kuzizuia zisizaane. Bakteria ni vijidudu vinavyoleta magonjwa kama kaswende, kifua kikuu, kipindupindu, na maambukizo mengi ya mikojo na ya mapafu. Amoksisilini, ampisilini, penisilini, kotrimoksazoli (wengi wanaiita Bactrim), metronidazoli (Flagyl), tetrasiklini, doksisiklini, siprofloksasini, kloramfenikoli na gentamisini ni baadhi ya zile tunazozisikia kila siku katika vituo vyetu vya afya.

Antibiotiki haziponyi kila homa. Mafua yanaletwa na virusi, na malaria inaletwa na kijidudu cha namna nyingine. Katika uwanda wa Ruzizi, ambako mbu ni wengi kwenye mashamba ya mpunga, homa ya mama mwenye mimba inapaswa kupimwa malaria kwanza. Anayemeza amoksisilini kwa ajili ya malaria anampa mtoto dawa isiyo na kazi, huku ugonjwa wenyewe unaendelea kuharibu kondo la nyuma.

Dawa inapita wapi

Watu wengi wanafikiri kwamba damu ya mama inaingia moja kwa moja ndani ya mtoto. Sivyo. Damu ya mama na damu ya mtoto hazichangamani. Kati yao kuna kondo la nyuma.

Kondo limejishika kwenye ukuta wa tumbo la uzazi. Upande wa mtoto lina vijidole vingi vidogo sana, mfano wa mizizi myembamba ya mti, vilivyozama ndani ya damu ya mama. Ndani ya kila kijidole kuna mishipa ya damu ya mtoto. Kati ya damu hizo mbili kuna ngozi nyembamba tu. Hewa safi, sukari na chakula kingine vinavuka ngozi hiyo kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, vikapita katika kamba ya kitovu. Uchafu wa mtoto unarudi kwa njia hiyo hiyo, na mama anautoa kwa mapafu na figo zake.

Dawa nayo inapita hapo. Mama akimeza kinini, dawa inaingia katika damu yake. Ikiwa nyingi katika damu ya mama na chache katika damu ya mtoto, inavuka kutoka penye wingi kwenda penye uchache, kama vile harufu ya mboga inavyotoka jikoni na kujaa nyumba nzima.

Tutoe mfano wa ampisilini inayopigwa katika mshipa. Katika muda wa saa moja hivi, kiasi chake katika damu ya mtoto kinakaribia kile kilicho katika damu ya mama. Kisha figo za mtoto zinaitoa katika mkojo, na mkojo huo unaingia katika maji ya uzazi yanayomzunguka. Mtoto anayameza maji hayo, na dawa inamrudia tena. Kwa hiyo hata dawa ikiisha katika damu ya mama, mtoto anaweza kuwa angali anaogelea ndani yake kwa saa kadhaa.

Mimba inapokua, ngozi ile ya kondo inazidi kuwa nyembamba na vijidole vinazidi kuwa vingi. Ndiyo sababu dawa nyingi zinapita kwa urahisi zaidi katika miezi ya mwisho kuliko mwanzoni.

Kwa nini nyingine zinapita sana na nyingine kidogo

Kondo si ukuta uliofungwa, wala si mlango ulio wazi kabisa. Kuna mambo manne yanayoamua dawa ipite kwa kiasi gani.

La kwanza ni ukubwa wa chembe za dawa. Wataalamu wanapima uzito wa chembe hizo. Zile zisizofika 500 kwa kipimo hicho zinapita vizuri. Zile zinazozidi 1,000 zinapita kwa shida. Penisilini ina uzito wa karibu 334, kwa hiyo inapita. Vankomisini, dawa ya hospitali kubwa, ina karibu 1,450, nayo inapita polepole.

La pili ni kama dawa inayeyuka katika mafuta. Ngozi ya kondo, kama ngozi zote za mwili, ina mafuta ndani yake. Dawa zinazopatana na mafuta, kama kloramfenikoli na metronidazoli, zinavuka bila shida.

La tatu ni protini za damu. Dawa nyingine zinashikamana na protini katika damu ya mama, kama abiria waliokaa ndani ya gari. Sehemu iliyoshikwa haivuki. Inayovuka ni ile iliyo huru.

La nne ni kwamba kondo lenyewe lina pampu ndogo ndogo zinazorudisha baadhi ya vitu upande wa mama. Ni ulinzi ambao Muumba ameuweka, lakini haufanyi kazi kwa kila dawa.

Mfano mzuri ni eritromisini na azitromisini. Chembe zao ni kubwa, zaidi ya 700, na kondo linazizuia sana. Walipopima damu ya kondo, watafiti walikuta upande wa mtoto karibu sehemu 3 tu katika kila 100 zilizo kwa mama. Kwa hiyo dawa hizo zinaweza kumponya mama huku mtoto amebaki na ugonjwa wake. Tutaona sasa hivi kwa nini jambo hilo ni zito.

Sindano inayomtibu mtoto kabla hajazaliwa: kaswende

Kaswende, wengine wanasema sifilisi, inaweza kukaa katika mwili wa mama miaka mingi bila maumivu yoyote. Mama anaonekana mzima. Lakini bakteria yake inavuka kondo na kumshambulia mtoto. Mtoto anaweza kufa tumboni, kuzaliwa kabla ya wakati, kuzaliwa mdogo sana, au kuzaliwa na ugonjwa katika mifupa, ini na ngozi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2022 pekee, kaswende ya mama iliwafikia watoto wapatao 700,000 duniani, na mimba 150,000 hivi ziliharibika au watoto wakazaliwa wafu kwa sababu yake.

Ushuhuda ulio karibu nasi unatoka mkoa wa Mwanza, Tanzania, ambako wamama wanazungumza Kiswahili kama sisi. Mwaka 2002 watafiti walitoa matokeo ya kazi yao huko. Kati ya wamama 73 waliokuwa na kaswende kali isiyotibiwa, 18 walizaa mtoto mfu. Hiyo ni robo. Kati ya wamama 233 wasiokuwa na kaswende, walikuwa 3 tu.

Kundi lingine la wamama lilipimwa wakati wa mimba, na wale walioonekana na kaswende wakapigwa sindano moja ya benzathini penisilini. Hatari ya kuzaa mtoto mfu haikuwa kubwa kwao kuliko kwa wamama ambao hawakuwa na ugonjwa. Sindano moja ilitosha kuondoa tofauti hiyo.

Sindano hiyo ni ya uniti milioni 2.4. Ina maumivu, kwa hiyo wauguzi wengi wanaigawa katika matako mawili. Dawa inabaki katika nyama na kutoka kidogo kidogo kwa muda wa wiki kadhaa, ikiingia katika damu ya mama, ikivuka kondo, na kuua bakteria ndani ya mtoto mwenyewe. Mtoto anatibiwa kwa mkono wa mama yake. Mama aliyekuwa na ugonjwa kwa muda mrefu, au asiyejua ulianza lini, anapigwa sindano 3, moja kila wiki.

Hapa kuna mambo matatu ya kushika.

Jambo la kwanza ni wakati. Ili mtoto ahesabiwe kuwa ametibiwa vizuri, mama anapaswa kupata sindano angalau siku 30 kabla ya kuzaa. Anayekuja CPN kwa mara ya kwanza katika mwezi wa tisa amechelewa, ingawa apigwe sindano hivyo hivyo, na mtoto wake aangaliwe baada ya kuzaliwa.

Jambo la pili ni kwamba eritromisini na azitromisini haziwezi kuchukua nafasi ya penisilini kwa ajili ya mtoto. Tumeona kwamba hazivuki vya kutosha. Mama ambaye mwili wake unakataa penisilini, anayevimba au kukosa pumzi akipigwa, apelekwe hospitali, ambako madaktari wanaweza kuuzoesha mwili wake dawa hiyo polepole. Asipewe dawa nyingine kituoni na kuambiwa kwamba mambo yamekwisha.

Jambo la tatu ni homa ya baada ya sindano. Bakteria zinapokufa kwa wingi, mama anaweza kupata homa, baridi na maumivu ya mwili katika saa 24 za kwanza, na wengine wanasikia tumbo likikaza. Hapo ndipo maneno ya kwamba "sindano inatoa mimba" yanapopata nguvu. Mama aelezwe mapema. Akiona tumbo linakaza, au mtoto hachezi kama kawaida, arudi kituoni mara moja. Lakini asiikimbie sindano. Ugonjwa usiotibiwa ndio hatari kubwa zaidi.

Mume naye apimwe na kutibiwa. Mama akipona na mume akabaki na kaswende, ugonjwa unarudi, na mtoto yuko katika hatari tena.

Azitromisini wakati wa uchungu

Utafiti mmoja mkubwa uliotolewa mwaka 2023 uliwahusu pia wamama wa Kongo, pamoja na wa Kenya, Zambia na nchi nyingine za Asia na Amerika. Walikuwa wamama 29,278 waliokuwa katika uchungu. Nusu walipewa azitromisini gramu 2 kwa mara moja, na nusu wakapewa kinini kisicho na dawa. Maambukizo makali ya damu au kifo cha mama yalionekana kwa wamama 16 hivi katika kila 1,000 waliopata dawa, na 24 katika kila 1,000 ambao hawakuipata. Ni faida ya kweli kwa wamama. Kwa watoto wachanga, maambukizo makali na vifo havikupungua.

Kwa hiyo tusidhani kwamba dawa yoyote nzuri kwa mama inamsaidia mtoto kwa kiasi kile kile. Kila moja ina njia yake na mipaka yake.

Antibiotiki zinazozoeleka kwa mama mwenye mimba

Penisilini, ampisilini, amoksisilini na dawa za jamii ya sefalosporini, kama seftriaksoni, zinavuka kondo, nazo zimetumiwa kwa mamilioni ya wamama kwa miaka mingi bila kuonekana kwamba zinaharibu viungo vya mtoto. Ndizo daktari anazozifikiria kwanza. Eritromisini nayo inatumiwa, hasa maji ya uzazi yakipasuka kabla ya wakati na uchungu haujaanza. Metronidazoli inavuka kwa wingi, lakini inaandikwa inapohitajika.

Mama mwenye kifua kikuu asiache dawa zake kwa sababu ya mimba. Dawa nne za kawaida za kifua kikuu zinaendelea kutumiwa. Kinachoepukwa ni streptomisini, kwa sababu tutakayoieleza.

Maambukizo ya mikojo yatibiwe hata kama maumivu ni madogo. Yakipanda hadi kwenye figo, yanaleta homa kali na yanaweza kuanzisha uchungu kabla ya wakati.

Fansidar inayotolewa siku ya CPN si antibiotiki ya kununua kwa homa. Inatolewa kuzuia malaria, kuanzia baada ya wiki ya 13, angalau mara 3, na kati ya dozi moja na nyingine upite mwezi mmoja. Mama anayemeza kotrimoksazoli kila siku kwa sababu ya virusi vya UKIMWI asipewe Fansidar juu yake, kwa kuwa dawa hizo mbili zinafanana. Ni lazima amwambie muuguzi.

Antibiotiki za kuogopa, na sababu zake

Tetrasiklini na doksisiklini. Dawa hizi zinapenda madini ya kalsiamu, ambayo ndiyo yanayojenga meno na mifupa. Zikimezwa kwa siku nyingi kuanzia mwezi wa nne hivi, zinaingia katika meno ya mtoto yanayoanza kujengwa, na meno yanaota yakiwa ya manjano au ya kahawia. Rangi hiyo haioshwi kwa mswaki. Tetrasiklini kwa wingi imewahi pia kuharibu ini la wamama wenye mimba.

Streptomisini na kanamisini. Zinavuka kondo na zinaweza kuharibu mshipa wa kusikia. Kati ya watoto ambao mama zao walitibiwa kifua kikuu kwa streptomisini, wengine walizaliwa viziwi. Gentamisini ni ya jamii hiyo hiyo. Madaktari wanaitumia hospitalini mama anapokuwa katika hatari ya kufa kwa maambukizo, kwa siku chache na kwa kipimo. Si sindano ya kupigwa nyumbani na jirani mwenye bomba la sindano.

Kloramfenikoli. Mwaka 1959 madaktari wa Marekani walieleza namna watoto wachanga waliopewa dawa hii walivyovimba tumbo, wakageuka rangi ya majivu, na wengi wakafa. Ini la mtoto mchanga bado halijaweza kuivunja dawa hiyo, kwa hiyo inajaa katika damu yake. Kwa kuwa inavuka kondo kwa urahisi, haifai kwa mama aliye karibu kuzaa.

Kotrimoksazoli. Inazuia kazi ya asidi foliki, vitamini inayohitajika kwa kujenga ubongo na uti wa mgongo wa mtoto. Uti huo unajifunga katika siku 28 za kwanza tangu mimba kutungwa, wakati ambapo wamama wengi bado hawajui kwamba wana mimba. Karibu na kuzaa, sehemu yake ya salfa inaweza kuongeza umanjano kwa mtoto mchanga. Lakini mama aliyeandikiwa kwa sababu ya virusi vya UKIMWI asiiache bila kuzungumza na daktari wake.

Siprofloksasini. Ilipojaribiwa kwa wanyama wachanga, iliharibu viungo vyao vya magoti na mabega. Kwa watoto wa binadamu madhara hayo hayakuonekana wazi, lakini kwa kuwa kuna dawa nyingine zilizo salama zaidi, haichaguliwi kwanza.

Mama aliyekwisha kumeza moja ya hizi kabla ya kujua kwamba ana mimba asiingiwe na hofu kubwa, wala asifikiri kutoa mimba. Mara nyingi mtoto anazaliwa bila tatizo. Aende CPN, ataje jina la dawa na siku alizoimeza.

Kipindupindu: ambapo sheria inabadilika

Hapa Uvira na kando ya Ziwa Tanganyika tunajua kipindupindu. Kimekuwa kikirudi tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Mama mwenye mimba anayehara na kutapika yuko katika hatari maradufu: maji yakimwishia, damu inayofika kwenye kondo inapungua, na mtoto anakosa hewa. Kinachomuua mtoto ni kukauka kwa mama. Ndiyo maana dawa ya kwanza ni maji: SRO tangu nyumbani, na serumu katika mshipa mara anapofika kwenye kituo cha kipindupindu.

Juu ya maji hayo, wauguzi wanaweza kumpa doksisiklini miligramu 300, mara moja tu. Msomaji atauliza: si tumesema doksisiklini ni mbaya? Meno yanaharibiwa na kumeza dawa hiyo siku nyingi. Dozi moja haina hatari ya namna hiyo, na mwongozo wa kimataifa wa kipindupindu unairuhusu hata kwa mama mwenye mimba, kwa sababu inafupisha kuhara na kuokoa maji ya mwili. Basi akipewa pale kituoni, ameze bila woga. Dawa ile ile inayomezwa kwa wiki nzima kwa ajili ya kikohozi ni jambo lingine kabisa.

Kwa nini dozi isikatwe nusu

Wamama wengine wanakubali dawa lakini wanapunguza vinini, wakisema, "Nimhurumie mtoto." Huruma hiyo inageuka hasara. Wakati wa mimba, damu ya mama inaongezeka karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo, na figo zake zinachuja kwa kasi zaidi. Amoksisilini na ampisilini zinatoka mwilini haraka kuliko kwa mtu asiye na mimba. Akikata dozi, bakteria hazifi. Zile ngumu ndizo zinazobaki, na ugonjwa unarudi na nguvu. Mtoto amefikiwa na dawa, na ugonjwa umebaki pale pale.

Kazi ya makanisa yetu

Makanisa ya eneo letu yana historia ndefu na afya ya wamama. Hospitali ya Lemera, inayoendeshwa na CEPAC, ndiyo ambayo daktari Denis Mukwege aliitumikia katika miaka ya 1980. Shida za wamama waliokuja kuzaa huko ndizo zilizomfanya akasomee magonjwa ya wanawake.

Basi tunawaomba wachungaji na viongozi wa vyama vya wamama wafanye mambo machache. Watangaze CPN mapema, tangu mama anapojua kwamba ana mimba, wala wasingoje tumbo lionekane. Wawafundishe waume kwenda pamoja na wake zao. Kipimo cha kaswende cha haraka kinahitaji tone la damu la kidole, na jibu linatoka kabla mtu hajachoka kungoja. Na mama akionekana na kaswende, pasiwe na kunong'ona nyuma yake. Anayeaibishwa hatarudi kuchukua sindano ya pili, na atakayelipa ni mtoto.

Wenye farmasi walio katika makanisa yetu tunawaomba jambo moja: kabla ya kumuuzia mwanamke antibiotiki, wamuulize kwa heshima kama ana mimba. Swali hilo halichukui hata dakika moja.

Maswali ya kumuuliza muganga

Mama anapopewa antibiotiki, aulize haya bila woga:

1. Dawa hii inaitwaje? Naomba uniandikie jina lake kwenye fishi.
2. Inatibu ugonjwa gani, na nimepimwa ugonjwa huo?
3. Mimba yangu ni ya mwezi fulani. Dawa hii inafaa katika mwezi huu?
4. Nimeze mara ngapi, kwa siku ngapi?
5. Nikiona alama gani nirudi haraka?

Na yeye mwenyewe amwambie muganga mambo matatu kabla ya kuulizwa: kwamba ana mimba hata kama bado haionekani, dawa anazozimeza tayari, na kama kuna dawa ambayo mwili wake uliwahi kuikataa.

Fishi ya CPN itunzwe mahali pakavu, pamoja na vitambulisho vya nyumba. Uchungu ukimkuta mama usiku, au ikibidi kukimbia, karatasi hiyo itamweleza mkunga asiyemfahamu ni dawa zipi zilizokwisha kumfikia mtoto. Bwana awalinde wamama wetu na watoto walio njiani.